Mchoro uliotoka kwenye dema: kisa cha kikundi cha batiki Dar es Salaam

Majina ya wahusika, mtaa wao na jina la mteja yameondolewa. Pwani alikopatikana msusi wa dema, yaani mtego wa kusuka wa kuvulia samaki, haitajwi. Vipimo, hatua na makosa vimeachwa jinsi vilivyokuwa, kwa sababu somo la kisa hiki limo humo.

Hali ilivyokuwa

Kikundi ni cha wanawake watano wa Wilaya ya Temeke. Wanatengeneza batiki na kushona foronya za mito ya sebuleni, vitambaa vya meza na mikoba. Wana sufuria mbili za kuyeyushia nta, meza ya kugongea mihuri yenye urefu wa mita mbili, cherehani mbili na ua wa kuanikia. Ufundi wanao. Rangi zao hazichuji, nta wanaitoa yote, na mshono umenyooka.

Walichokosa ni mchoro wa kwao. Kwa miaka kadhaa mtu aliona picha kwenye simu, akaichora juu ya sponji ya godoro, akaikata iwe muhuri, akauchovya kwenye nta na kugonga kitambaa. Shida ni kwamba picha ileile ilikuwa imeshaonwa na mafundi wengine wengi. Mchoro ukitoka leo Temeke, ndugu yake yuko tayari Kariakoo na Mwenge. Bidhaa mbili zikifanana, mnunuzi anabaki na swali moja tu, nalo ni la bei.

Ndipo mwenye mgahawa mmoja wa pwani akaagiza foronya 40 za sentimita 45 kwa 45 na vitambaa 10 vya meza. Alitaka kitu cha pwani ya Dar es Salaam, lakini akakataza samaki, jahazi, mnazi na konokono, kwa kuwa vyote hivyo alishavikuta kwenye kila mgahawa. Alitoa wiki sita, mbili za kwanza zikiwa za mchoro na sampuli. Sampuli isipompendeza, kazi inakwenda kwa mwingine.

Katazo lile liliwaudhi mwanzoni, na ukweli ni kwamba ndilo lililowasaidia kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Wiki ya kwanza: picha nyingi, wazo hakuna

Kikundi kilianza kwa njia iliyozoeleka. Kila mmoja alihifadhi picha kwenye simu yake. Zilipokusanywa zilipita 200. Walichapisha 30, wakazibandika kwenye kadibodi kubwa ukutani, wakakaa mbele yake kuchora. Ikatoka michoro tisa. Saba ilikuwa ya mawimbi na miwili ya makombe ya baharini. Mteja alikataa yote kwa kikao kimoja.

Picha ya mtandaoni inakuja ikiwa imeshaamuliwa na mtu mwingine: upande wa kutazamia, mwanga, kipi kiingie na kipi kikatwe. Anayeichora anachora uamuzi wa mwenzake. Pili, picha inaonyesha sura ya kitu bila kuonyesha kimeungwaje, na mchoro wa kujirudia unaishi kwenye muungano, yaani pale mstari mmoja unapokutana na mwingine. Tatu, nyingi ya picha zile zilikuwa na mistari myembamba ya kalamu. Muhuri wa sponji hauwezi kazi hiyo. Nta ya moto husambaa kwenye pamba milimita moja hadi mbili kila upande wa mstari, kwa hiyo nafasi ya milimita tatu kati ya mistari miwili huzibika kabisa. Walikuwa wakichagua vitu ambavyo zana yao haikuweza kuvisema.

Uamuzi wa kubadili njia

Mshauri wao, fundi wa siku nyingi wa kubuni vitambaa, aliwataka waweke simu pembeni kwa siku nne na kwenda kutazama vitu vyenyewe. Kila mmoja alibeba daftari lisilo na mistari, penseli ya 2B, utepe wa kupimia na kipande cha kadibodi kilichokatwa dirisha la sentimita 3 kwa 5.

Utaratibu ulikuwa huu. Dakika 20 za kwanza unachora kitu kizima, vibaya au vizuri haidhuru. Dakika 20 zinazofuata unaweka dirisha la kadibodi juu ya sehemu moja ya kitu hicho na kuchora kilichomo ndani ya dirisha tu, kwa ukubwa wa ukurasa mzima. Halafu unajibu maswali manne kwa maandishi: Kimeungwaje? Nini kinajirudia, na kila baada ya sentimita ngapi? Nafasi tupu ina umbo gani? Sponji na nta vitaweza kusema nini hapa, na nini vitashindwa?

Swali la tatu ndilo ambalo wanafunzi wengi wa ubunifu huliruka, na kwa batiki ndilo la kwanza kwa uzito. Kilichogongwa nta hubaki na rangi ya chini, na nafasi tupu ndiyo inayopokea rangi nzito. Anayechora batiki anachora mashimo.

Walikokwenda na walichorudi nacho

Siku ya kwanza walikwenda maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Walikwenda Jumamosi, nalo halikuwa chaguo zuri: maduka yalijaa, wauzaji hawakutaka watu wanaosimama kuchora bila kununua, wakaambulia michoro mitatu ya haraka. Wakanunua doti moja ya kisutu, ile nyekundu, nyeupe na nyeusi ya harusini, wakaenda kuitandika nyumbani na kuipima taratibu. Hilo lilifaa zaidi kuliko kusimama dukani. Walichokipata ni mpangilio. Kanga ina pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina lake. Pindo hutuliza macho ili mji usomeke. Waliandika upana wa pindo kwenye daftari na kuuweka akiba.

Siku ya pili ilikuwa Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1967 na ambacho kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania. Ndani ya msonge wa Wahaya walitazama juu na kuona fito zilizofungwa duara juu ya duara, zikipungua kuelekea kileleni. Ni mchoro mzuri mno, na wawili kati yao waliutaka. Waliukataa baada ya mabishano ya jioni nzima kwa sababu mbili: mteja alitaka pwani, na duara zinazopungua zina mwanzo na mwisho, hivyo muhuri mmoja hauwezi kuzirudia bila kuacha pengo kila unapogongwa. Michoro ile haikutupwa. Imebaki kwenye daftari ikisubiri kazi nyingine, pengine kitambaa kimoja kikubwa cha ukutani kitakachochorwa kwa brashi.

Siku ya tatu walikwenda pwani moja ya wavuvi asubuhi, wakati maji yametoka. Walipita kwenye nyavu, wakapita kwenye ngalawa, vyote vikiwa karibu mno na vilivyokatazwa. Kisha mmoja wao akasimama mbele ya dema kuukuu lililoegemezwa ukutani.

Dema ni mtego wa kusuka kwa fito zilizopasuliwa. Samaki huingia kwa mdomo unaosinyaa kuelekea ndani na hushindwa kutoka. Dirisha la kadibodi lilipowekwa juu ya ubavu wake lilionyesha hivi: fito zinakwenda pande tatu, si mbili kama za mkeka. Seti moja inalala, nyingine mbili zinakatiza kwa mshazari, moja kulia na moja kushoto. Zinapokutana huacha tundu la pembe sita, na kuzunguka kila tundu kuna pembetatu ndogo sita. Kila ufito unapita juu ya mwenzake, kisha chini ya anayefuata, na zamu hiyo ndiyo inayozikaza bila kamba wala msumari. Sehemu moja ya dema lile ilikuwa imepasuka, na mwenyewe alikuwa ameziba tundu kwa uzi wa nailoni wa buluu, mizunguko minne.

Mzee mwenye dema alikuwa kibarazani. Walimwamkia shikamoo, wakaeleza shida yao, wakaomba awaonyeshe anavyoanza kusuka. Wakakubaliana malipo ya muda wake kabla hajagusa ufito. “Wanangu, msitazame fito,” aliwaambia. “Tazameni tundu. Tundu likiwa sawa, dema liko sawa.” Akapanga fito sita za mwanzo, mbili kwa kila upande, tundu la kwanza likajitokeza katikati. Fito zilizofuata zilifuata kipimo cha tundu lile. Walinunua dema lile kuukuu na kurudi nalo Temeke juu ya bajaji.

Kwa nini dema

Jioni hiyo kikundi kiliweka mezani mawazo matatu: msonge, pindo la kanga na dema. Hawakupiga kura ya kipi kinapendeza. Walijibu swali la nne kwa kila kimoja. Dema lilishinda kwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitafuta: kwenye dema fito ni nyeupe-kahawia na matundu ni giza la maji yaliyo nyuma yake. Kwenye batiki mistari ya nta hubaki myepesi na nafasi hupokea rangi nzito. Kitu chenyewe na ufundi wenyewe vilikuwa vinafanya kazi kwa mantiki moja, kwa hiyo hapakuwa na cha kulazimisha.

Kutoka kwenye kanga walichukua pindo: sentimita 5 zisizo na mchoro kuzunguka foronya yote. Kutoka kwenye kiraka cha mzee walichukua alama ya kipekee: kwenye kila foronya tundu moja, si lilelile kila mara, lingejazwa kwa mshono wa mkono wa uzi wa buluu, mistari minne.

Muhuri: ulipokwama na ulivyorekebishwa

Muhuri wa kwanza ulikatwa mraba, sentimita 12 kwa 12, kwa sababu sponji zao zote hukatwa hivyo. Umbali wa katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jirani uliwekwa sentimita 6. Ulipogongwa ubavu kwa ubavu uliungana vizuri. Ulipogongwa juu na chini, mistari ilikosana kwa sentimita 1.6. Walidhani mkono umetetemeka, wakarudia, ikawa vilevile.

Kosa halikuwa la mkono. Msuko wa pande tatu hauwezi kukaa kwenye mraba. Ukiwa na umbali wa matundu, kimo cha kipande kinachojirudia ni umbali huo mara 1.73. Kwa sentimita 6 unapata 10.4. Matundu mawili kwa upana na kimo kimoja kamili hutoa muhuri wa sentimita 12 kwa 10.4, wenye matundu manne. Walipokata kipimo hicho mistari ilikutana kila upande.

Kabla ya kukata sponji ya pili walichora muhuri kwenye karatasi, wakatoa fotokopi tisa na kuzipanga tatu kwa tatu mezani. Hatua hii ni ya bei ya fotokopi tisa na huokoa sponji, nta na siku nzima. Karatasi zile zilifichua jambo la pili: ukingo wa muhuri ulikuwa unapita juu ya mstari ulalao, hivyo kosa dogo la kugonga lilifanya mstari uonekane mnene mahali na mwembamba mahali. Walisogeza mchoro ili ukingo upite katikati ya nafasi tupu.

Unene wa mstari uliishia milimita 8. Kuonyesha ufito upitao chini, walikata mapengo ya milimita 6 pale unapokatizwa. Katika jaribio la mwanzo mapengo yalikuwa ya milimita 2 na nta iliyameza yote. Sponji ngumu yenye unene wa sentimita 4 iligundishwa kwenye ubao wenye mpini. Mistari ya kuongoza ilipigwa kwenye kitambaa kwa chaki na uzi ulionyoshwa.

Nta ilikuwa mafungu mawili ya mshumaa na fungu moja la nta ya nyuki. Mshumaa mtupu hupasuka, na mistari ya dema ikipasuka inaonekana kama imechanika. Kipimo cha moto ni upande wa chini wa kitambaa. Nta iliyoingia vizuri huonekana nyuma kama doa la mafuta. Ikikaa juu tu, imepoa. Ikitoa moshi, imezidi, na pale sufuria hutolewa jikoni mara moja.

Rangi

Rangi za kwanza zilichaguliwa kutoka picha ya bahari ya saa saba mchana. Sampuli ikatoka ya buluu kali isiyofanana na kitu chochote cha pwani. Walichofanya baadaye ni kupeleka kipande cha ufito wa dema Kariakoo kwenye duka la nyuzi za cherehani, wakalinganisha kwa macho nje ya duka, kivulini, na kununua viroli vitatu: kahawia ya ufito, buluu nzito na buluu ya nailoni. Nyuzi zilizungushwa kwenye kadi kwa uwiano wa mchoro wenyewe. Kadi ile ndiyo iliyokwenda kwa mteja kabla ya kitambaa kingine chochote kuchovywa.

Kitambaa kilifuliwa kwanza kuondoa wanga. Kikachovywa kahawia nyepesi, kikakaushwa, kikagongwa nta, kisha kikaingia buluu. Kipimo chao kwa mita 2 ni kijiko 1 cha rangi, kijiko 1 cha kostiki soda na vijiko 2 vya sodiamu haidrosalfaiti, kemikali mbili zinazoisaidia rangi kuyeyuka na kushika kitambaa. Rangi huyeyushwa kwa maji ya moto, kisha humiminwa kwenye maji ya vuguvugu ili nta isilainike. Kostiki humiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, na glavu hazivuliwi. Buluu juu ya kahawia haibaki buluu safi. Huelekea kijani cha giza. Walijaribu vipande sita vya sentimita 20, kwa dakika 5, 10 na 20, mara moja au mara mbili. Kila kipande kilitiwa alama kwa mafundo ya uzi pembeni, maana wino hutoka. Cha dakika 10 mara mbili ndicho kilichokuwa giza la maji ndani ya dema.

Matokeo

Mteja alikubali sampuli ya pili. Ya kwanza aliona pindo ni jembamba, likaongezwa hadi sentimita 6. Siku ya makabidhiano foronya 36 zilikuwa tayari. Nne zilichelewa kwa siku tano kwa sababu vitambaa vyake vilikunjwa ili vienee kwenye ndoo, nta ikapasuka kwenye mikunjo na rangi ikapenya. Vitambaa vilivyobaki vilichovywa kwenye karai pana bila kukunjwa. Vitambaa vya meza vilitoka vyote. Mteja ameagiza tena, safari hii mapazia.

Uchambuzi

Wazo halikupatikana kwa kuona vitu vingi. Lilipatikana kwa kukaa na kitu kimoja hadi kikaonyesha kinavyoungwa. Katika picha 200 za wiki ya kwanza, kama lilikuwemo dema, hakuna aliyeliona, maana ilikuwa rahisi kupita. Dirisha la sentimita 3 kwa 5 liliwanyima nafasi ya kupita.

Zana kuingia mapema kwenye mazungumzo kulisaidia vilevile. Historia ya sanaa ya jiji hili ina mfano wake: Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kawaida za madukani kwenye vipande vya hadibodi, na sura ya picha zake, yenye rangi bapa na mistari iliyokaza, haiwezi kutenganishwa na vifaa hivyo. Fundi anayeuliza sponji yake inaweza nini kabla ya kuchora hapotezi uhuru wake. Anajua pa kuutumia.

Kumlipa msusi wa dema kulikuwa sahihi kwa haki na kwa faida. Bila fito sita za mwanzo kikundi kingenakili sura ya dema bila kuelewa kipimo cha tundu, na huenda kosa la mraba lingewasumbua wiki nzima.

Upungufu upo. Wiki ya kwanza ilipotea yote, na ilikula nusu ya muda wa mchoro. Safari ya maduka ya kanga ingefanywa katikati ya juma, au ingeachwa na doti ikanunuliwa tu. Kubwa kuliko yote ni bei: kikundi kilitoza kitambaa, rangi na mshono, lakini siku za kutazama, kuchora na kujaribu hazikuingia popote kwenye hesabu. Kwa agizo la mapazia, mchoro umeandikwa kama mstari wake kwenye ankara, na unalipwa nusu kabla ya kuanza.

Wamejifunza pia kuweka kumbukumbu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, lakini anayedai lazima aonyeshe kazi ni yake. Daftari zenye tarehe, fotokopi tisa, sponji zilizokosewa na vipande sita vya rangi sasa vinahifadhiwa kwenye boksi moja kwa kila mchoro. Msuko wa dema wenyewe ni mali ya pwani nzima, na yeyote anaruhusiwa kuutazama. Cha kikundi ni huu mpangilio wao: pindo, mapengo, rangi na kiraka.

Kiraka hicho ndicho kilicholeta lalamiko la pekee la mteja. Baada ya kufuliwa, foronya sita zilivuta makunyanzi kwenye tundu lililoshonwa, kwa kuwa uzi wa pamba haukuwa umeloweshwa kabla ya kushona, ukasinyaa wakati kitambaa kilishasinyaa. Zimefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi uliolowekwa maji ya moto usiku kucha na kukaushwa, mshono ukiachwa legevu kidogo.